Mtoto Aliyeshushwa Xiaobei

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya tope jeusi, nikaambiwa kwamba ndani yake mna mji. Aliyenikabidhi alikuwa Inger, mhifadhi mkuu wa karakana yetu ya makumbusho, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, na hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yake yote. Nilikuwa nimetoka Iringa hadi Denmark kwa ufadhili wa kanisa. Nilikuwa nimesoma akiolojia Dar es Salaam, nimechimba vigae vya pwani kwa misimu kadhaa, na nilidhani tope nalijua. Nikamwaga maji, nikachekecha, nikachekecha tena. Jioni chekeche lilibakiza ushanga wa kioo wa buluu mdogo kama punje ya mtama, kipande cha kaharabu, na mifupa ya samaki mingi kiasi kwamba nilinuka kwenye basi mpaka abiria wakahama viti.

"Umeuona?" Inger akaniuliza.

"Nimeona nini?"

"Mji."

Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea sitavigusa hapa. Havikuwa na mvuto hata vilipokuwa vinatokea. Ninyi mnaoingia karakana sasa mtanufaika zaidi nikiwaeleza kuhusu ule mji, na kuhusu mtoto mmoja wa mji ule, na mambo yaliyotupata mimi na yeye tukiwa Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini. Mambo yale yalinishtua wakati ule, na nikiyaandika leo mkono bado unasita.

Mji wenyewe ulikuwa ukingoni mwa ghuba nyembamba huko Denmark, mahali ambapo leo pana malisho ya ng'ombe na upepo usiochoka. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita palikuwa na gulio lililokua likawa mji. Viwanja vilikuwa vyembamba kama vibanda vya sokoni, mfereji kati ya jirani na jirani, na kila kiwanja kina fundi wake. Huyu alichonga vitana vya pembe za kulungu, yule aliyeyusha vioo vilivyovunjika akatengeneza shanga, wa tatu alimimina shaba kwenye kalibu za udongo. Mabaharia walileta mawe ya kunolea kutoka kaskazini na mvinyo kutoka kusini. Sarafu za fedha za Kiarabu zilifika pia, zikakatwakatwa vipande, kwa kuwa watu wa pale walijali uzito tu, maandishi hayakuwahusu. Tulipata hata nyuzi za hariri zilizoganda kwenye kutu ya pini za nguo, na hariri ile ilikuwa imesafiri kutoka China kwa mikono ya watu wasiojuana. Watu nao waliuzwa pale. Hilo lilijulikana, likaandikwa kwenye vitabu, ila mtu akiuzwa haachi kigae, kwa hiyo kwenye kabati zetu biashara hiyo karibu haikuonekana.

Msimu wangu wa pili mtambo wa kuchimba mtaro wa maji ulikwangua ukingo wa kaburi. Lilikuwa kaburi fupi. Mvua ilikuwa imetanda, na kuchimba taratibu palepale kusingewezekana, kwa hiyo tulilifunga kaburi zima kwa plasta na mbao, udongo wake na vyote, tukaliinua kwa winchi kama mtu anavyoinua keki bila kuikata. Majira yote ya baridi nililichimba mezani, ndani ya karakana. Inger alinikataza chuma cha aina yoyote. Nilitumia miiba ya nungunungu niliyotumiwa na mama yangu kutoka Iringa. Ni migumu kiasi cha kung'oa udongo, na ni laini kiasi cha kutokwaruza mfupa. Kama bado mnatumia vibanio vya chuma kwa kazi hiyo, acheni leo.

Alikuwa mtoto, mwenye miaka sita au saba kwa jinsi meno yalivyoota. Alilala chali, mikono ubavuni, shingoni ana shanga za kioo na moja kubwa ya akiki nyekundu. Nilimfikia mfupa kwa mfupa. Nilipofika kisogoni Inger alinisimamisha.

"Hapo mwache. Fuvu limekaa kitandani mwake. Ukilitoa hutaweza kulirudisha lilivyokuwa."

Ulikuwa uamuzi mzuri, na hata leo ningeuunga mkono. Tuliunyunyizia udongo wa chini dawa ya kuugandisha, mtoto akabaki amelazwa juu yake kama alivyokutwa. Mkurugenzi wetu alipoziona zile shanga alimpa jina palepale: Binti wa Mchuuzi. Jina likaingia kwenye maelezo, kisha kwenye kadi za posta, kisha kwenye vikombe vya kahawa. Sisi karakanani tulimwita kwa namba yake.

Miaka michache baadaye jumba moja la makumbusho la Guangzhou lilitualika. Walikuwa wanaandaa maonyesho kuhusu bandari za zamani, wakitaka kuonyesha kwamba wakati gulio letu linachipuka kando ya ghuba, Guangzhou nayo ilikuwa imejaa Waarabu na Waajemi wanaopakia vyombo vya udongo. Walitaka shanga, mizani, vitana, ile hariri, na Binti wa Mchuuzi. Magoti ya Inger hayakuweza safari. Nikatumwa mimi kusindikiza mzigo.

Nilifika msimu ambao kuta za Guangzhou zinatoka jasho. Si maneno ya kunogesha hadithi. Hewa ya joto inatoka baharini, inakuta nyumba bado zina ubaridi wa kipupwe, na maji yanatiririka ukutani, kwenye ngazi, kwenye vioo. Niliona shuka langu la hoteli limelowa kabla sijalilalia. Kwa mhifadhi hiyo ni hali ya kutisha kuliko moto, kwa sababu moto angalau kila mtu anaukimbilia. Mwenyeji wangu, Bwana Liang, mtunzaji wa jumba lile, mtu mfupi aliyezungumza Kiingereza taratibu kama anayepima kila neno, aliniambia chumba cha kupokelea kimekaushwa kwa mashine na hakuna haja ya wasiwasi. Akanipa chai. Masanduku yakafika, nikayakagua moja moja. Yote yalikuwepo isipokuwa la mtoto.

Kwanza nilidhani nimekosea. Nikazunguka chumba, nikainama hata chini ya meza, kana kwamba sanduku la plaiwudi lenye urefu wa kitanda cha mtoto linaweza kujificha. Bwana Liang alimwita dereva. Dereva wa siku zote alikuwa mgonjwa, huyu alikuwa wa kukodi, na aliapa kwamba ameshusha kila kitu. Liang alimuuliza tena kwa Kikantoni, kwa sauti ya chini, na nikaona uso wa dereva unabadilika. Njiani alikuwa ameongeza mzigo mwingine ili safari imlipe. Alipitia Xiaobei, mtaa wanakonunulia wafanyabiashara wa Kiafrika, kushusha mashine za kushonea kwenye ghala la wakala wa mizigo, nyuma ya jengo la Tianxiu. Masanduku ya mashine yalikuwa ya plaiwudi. La kwetu lilikuwa la plaiwudi. Vibandiko vilikuwa vimelowa, vimebanduka.

"Mashine hizo zinakwenda wapi?" nikauliza.

Liang alimuuliza dereva, kisha akanitafsiria.

"Afrika," akasema. "Kontena linafungwa leo."

Sikumbuki tulivyoshuka ngazi. Nakumbuka teksi, nakumbuka Liang anamhimiza dereva wake. Tulipoingia kwenye kichochoro cha nyuma ya Tianxiu tulikuta watu wamekusanyika kwenye mlango wa ghala. Kutoka ndani, katikati ya kelele za Kichina, nikasikia sauti ya mwanamke anayelia.

"Ameuawa! Jamani, mtoto wa watu ameuawa! Hamgusi, nasema hamgusi!"

Kwa Kiswahili. Nilikuwa sijasikia Kiswahili tangu nilipompigia mama yangu simu ya sikukuu. Nilisimama katikati ya kichochoro, na kwa sekunde kadhaa nilidhani nimechanganyikiwa.

Mwanamke alikuwa amekaa sakafuni, mgongo wake ameuegemeza kwenye sanduku letu, miguu ameinyoosha kama msibani. Mfuniko ulikuwa umeng'olewa kwa mtaimbo. Juu ya sanduku alikuwa ametandaza doti ya kitenge kipya, bado kina karatasi ya bei ya soko la vitambaa la Zhongda. Mbele yake alisimama mwenye ghala, wanayemwita laobani, mtu mnene mwenye jasho, anapiga kelele na kunyooshea kidole mlango. Wapakuzi wake wawili walikuwa wamejibana ukutani. Bwana Liang alinitafsiria kwa haraka: laobani anataka sanduku litolewe likatupwe mtoni kabla polisi hawajafika, na huyu mama amekataa kuondoka.

Nilipiga magoti. "Mama, shikamoo."

Alinyamaza ghafla. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Marahaba," akasema. "Wewe nani?"

"Naitwa Tumaini. Mtu wa Iringa. Hili sanduku ni letu, limeletwa hapa kwa makosa."

"Lenu?" Akanishika mkono, akanibana. "Mimi Mama Doreen, natoka Mwanza. Nimenunua cherehani za overloki. Nimefungua nihakikishe sindano zimo, maana hawa watu ukiwaamini unafika nyumbani na mabati matupu. Nimefungua, mdogo wangu, nimemkuta mtoto. Ananicheka. Meno yote." Akanivuta karibu. "Ni nani kamuua mtoto huyu?"

"Hakuuawa, mama. Ni mtoto wa zamani sana. Zaidi ya miaka elfu moja. Ametoka Ulaya, anapelekwa makumbusho watu wamtazame."

"Wamtazame?"

"Ndiyo."

"Na nani kamweka kwenye sanduku?"

"Mimi," nikasema. "Kwa mikono yangu."

Mkono wake uliniachia. Sijawahi kutazamwa vile, kabla wala baada. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemsafisha, nimempima, nimempiga picha, nimemtolea mihadhara, na hakuna aliyewahi kunitazama kama mtu aliyemtia mtoto sandukuni.

"Ana jina?" akauliza.

Namba ilinijia mdomoni. Nikaimeza.

Laobani aliona nimenyamaza, akadhani mambo yamekwisha. Aliwaashiria wapakuzi, mmoja akashika pembe ya sanduku. Mama Doreen akajitupa juu yake na kitenge chake, sanduku likainama, na ndani nikasikia kitu kinabiringika. Wenye kazi yetu tunaijua sauti hiyo. Nilipiga ukelele, sijui kwa lugha gani. Kila mtu akaganda.

Hapo Bwana Liang alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mpole kama yeye. Alimwendea laobani akasimama karibu naye kiasi kwamba matumbo yaligusana, akamwambia maneno machache tu. Baadaye nilimuuliza alisema nini. Alikuwa amemwambia kwamba mtoto huyu ni mgeni wa jiji, na kwamba akitupwa mtoni, yeye Liang atakaa mlangoni pa ghala hili kila siku na kumweleza kila mteja kilichotupwa. Laobani akafuta jasho. Akakubali sanduku liondoke, mradi liondoke sasa hivi, na mradi wapakuzi wake wasiliguse, kwa kuwa sasa wameapa hawatagusa tena.

Basi nani abebe? Mimi, Liang na mama mmoja tusingelimudu bila kuliinamisha tena. Kutoka kwenye kundi la mlangoni akajitokeza mwanamume mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, mfanyabiashara wa Mombasa, Bwana Athumani, ambaye alikuwa amekuja kufuatilia redio zake.

"Sasa mbona mwasimama?" akasema. "Maiti hangojeshwi. Shikeni pembe."

"Si maiti, Bwana, ni mifupa tu ya kale," nikamwambia.

"Huyu hakuzaliwa na mtu?"

Nikainama. Tukashika pembe nne, Athumani na Liang mbele, mimi na Mama Doreen nyuma, tukalibeba bila kulitikisa hadi kwenye gari dogo la mizigo ambalo Liang alilisimamisha barabarani. Waliokuwa kichochoroni, Wachina kwa Waafrika, walijigawa wakatupisha. Mmoja alivua kofia. Mama Doreen alipanda nyuma pamoja nami bila kuulizwa, akaacha overloki zake zijilinde zenyewe.

Jumbani Liang alimpa kiti na chai kwenye ukumbi, nami nikaingia kwenye chumba kikavu peke yangu. Nilitoa kitenge. Kwa kweli nilikuwa najiandaa kwa mabaya. Shanga nyingi zilikuwa mahali pake, chache zimeangukia pembeni kwenye sponji. Mbavu zilikuwa salama. Lakini fuvu lilikuwa limebanduka kutoka kwenye kitanda chake cha udongo na kulala kwa shavu, na kisogoni, upande wa kulia, palikuwa na ufa mpana, na mfupa umebonyea kwa ndani.

Nilidhani ni mtaimbo. Nilidhani nimevunja kichwa cha mtoto aliyehifadhika ardhini miaka elfu moja, nikiwa nimekabidhiwa kwa muda mfupi tu. Nilikaa chini sakafuni nikapumua kwa mdomo. Kisha nikafanya nilivyofundishwa: nikavaa glavu, nikavuta taa, nikachukua kioo cha kukuzia.

Lisikieni hili vizuri, kwa sababu litawafaa. Mfupa wa kale ukivunjika leo, kidonda chake ni cheupe, kama mkate uliokatwa, hata kama nje mfupa umeiva rangi ya kahawa. Uliovunjika zamani, kingo zake zina rangi ileile ya mfupa mzima, kwa kuwa udongo uleule umezikolea. Na mtu akipona jeraha, kingo zinalainika na kujiviringa. Niliziangalia kingo za ufa ule. Zilikuwa za kahawia. Zilikuwa kali. Ndani ya ufa mlikuwa na tope jeusi la ghuba, limeganda.

Mtaimbo haukumgusa. Mtoto alikuwa amepigwa kichwani kwa nyuma, na hakuishi baada ya hapo.

Sijui nilikaa pale muda gani na ile taa imenielekea usoni. Nilikuwa nimemhakikishia mwanamke anayelia kwamba mtoto hakuuawa. Nilisema kwa uhakika wote wa mtu aliyesoma, na nilisema nikiamini. Nilifungua mlango kidogo nikamwona Mama Doreen ukumbini, ameshika kikombe kwa mikono miwili, hanywi. Nikaufunga tena.

Bwana Liang alinipatia simu ya ofisini nimpigie Inger. Huko ilikuwa asubuhi.

"Kingo zimekolea rangi?" akauliza nilipomaliza.

"Zimekolea."

"Sawasawa na mfupa?"

"Sawasawa."

Nikamsikia Inger anafunga mlango huko kwake.

"Nilimpaka dawa mimi mwenyewe," akasema. "Nilimweka mto mzuri, nikamfunika jeraha." Kisha nikasikia anavuta kiti. "Hebu niambie tena. Tangu mwanzo. Polepole."

Mkurugenzi wetu naye aliambiwa, akapiga simu jioni hiyo. Alisikitika, na sidhani alikuwa anaigiza. Lakini mabango yalikuwa yamechapwa, akasema, yana jina la Binti wa Mchuuzi kwa lugha mbili, na jambo kama hili lilihitaji utafiti kabla ya kutangazwa. Kwa sasa maelezo yabaki yalivyo. Nilimtafsiria Liang. Alisikiliza, akakunja karatasi ya maelezo, akaiweka mfukoni.

"Kiingereza andikeni mnavyotaka," akasema. "Kichina nitaandika mimi."

Aliandika mistari miwili kwa brashi, kwa mkono wake. Mtoto, miaka sita au saba. Aliuawa. Hakuandika binti, hakuandika mchuuzi, kwa kuwa alisema hayo mawili hakuna anayeyajua. Fuvu tulilirudisha kitandani, ila tukaacha pembeni kioo kidogo cha kujitazamia kimeinama, ili anayetaka kuona nyuma aone, na asiyetaka asilazimike. Ufundi ule ulikuwa wa Liang. Nimeuiga mara nyingi tangu hapo bila kumlipa chochote.

Maonyesho yalipofunguliwa Mama Doreen alikuja. Kontena lake lilikuwa limeshaondoka, naye alikuwa anasubiri ndege. Alivaa gauni la kanisani na kilemba, na Bwana Athumani alimsindikiza akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Walinzi waliwakodolea macho. Wageni wengine waliacha kutazama mizani za Denmark wakawatazama wao. Mama Doreen hakujali, alipita moja kwa moja hadi kwenye kabati la kioo la mtoto.

Aliinama, akamtazama. Kisha akanyooshea kidole yale maandishi ya brashi.

"Hapo wameandika nini?"

Ningeweza kumdanganya. Hakuwa anasoma Kichina, na kesho yake angekuwa angani. Niliangalia viatu vyangu.

"Wameandika ni mtoto wa miaka sita au saba," nikasema. "Na kwamba aliuawa. Alipigwa kisogoni. Nimeliona jeraha baada ya kutoka ghalani. Mama, siku ile nilikwambia uongo bila kujua. Ulikuwa umesema kweli."

Nilitegemea atasema, "Si nilikwambia?" Watu wengi wangesema. Alifunika mdomo kwa kiganja, na macho yakamjaa machozi.

"Mimi sikuwa najua kitu," akasema. "Nilisema vile kwa woga. Ukaja wewe, mwenzetu, msomi, unaongea taratibu. Nikasema afadhali, huyu ataniambia nimekosea." Akapangusa macho kwa ncha ya kilemba. "Nilitaka uniambie nimekosea, Tumaini. Nililala usingizi kwa sababu uliniambia nimekosea."

Bwana Athumani aligeuka akatazama ukuta. Kuta bado zilikuwa zinatoka jasho, hata mle ndani, licha ya mashine zote za Liang za kukaushia.

Nilirudi Denmark na masanduku yote, safari hii nikiwa nimeketi juu ya lile la mtoto mpaka watu wa uwanja wa ndege wakaniomba niondoke. Kazi ikaendelea. Inger alistaafu mwaka uliofuata. Kabla hajaondoka alikata plasta yote ya chini kwa mkono wake, akaufungua ule udongo aliougandisha, kazi iliyomchukua miezi na kumuumiza vidole, ili pasibaki mahali ambapo hatujapaangalia. Hatukukuta silaha, wala alama nyingine. Habari ya jeraha ilipoenea, jina la zamani likaondolewa kwenye vikombe, si kwa huruma bali kwa sababu vilikuwa haviuziki tena.

Ikapita miaka mingi zaidi kabla maabara hazijaweza kusoma meno kama zinavyosoma sasa. Jino la mtu hujengwa utotoni kwa maji anayokunywa na chakula cha udongo wa kwao, na likishajengwa halibadiliki hata akihamia wapi. Tulitoa chembe ndogo ya gego lake tukaipeleka kupimwa. Majibu yalikuja siku ya kawaida kabisa, mimi nikiwa nasafisha kitana. Niliyasoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi. Mtoto hakuzaliwa kando ya ghuba ile. Hakulelewa Denmark, wala kwenye pwani yoyote ya jirani tuliyokuwa na vipimo vyake. Alikuwa ameletwa kutoka mbali akiwa mdogo, kwenye mji ambao watu waliuzwa, na alipouawa hakuwa amekaa pale muda mrefu. Aliyemvisha shanga alikuwa nani, mnunuzi, mtumwa mwenzake au mtu aliyemhurumia, mfupa hausemi.

Sikuweza kuendelea na kitana. Nilichukua simu nikampigia Mama Doreen. Namba yake alikuwa amenipa palepale mbele ya kioo, na kila Krismasi tulikuwa tunasalimiana. Alikuwa dukani kwake Mwanza, nyuma yake nasikia cherehani zinanguruma na wasichana wanacheka. Nilimweleza taratibu. Aliwaambia wasichana wazime mashine, kelele zikakatika moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo pale hakuwa kwao," akasema.

"Hapakuwa kwao, mama."

"Kwao ni wapi?"

"Bado hatujui."

"Basi tafuteni," akasema, na simu ikakatika, sijui kwa sababu ya mtandao au kwa sababu alikuwa amemaliza.